Mwandiko wa Maurine

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kupangusa vumbi kwenye printa, Mzee Ishmael aliingia dukani kwangu hapa Garsen akasimama mbele ya kaunta bila kusalimia. Si kawaida yake. Ni mtu wa salamu ndefu, anayekuuliza habari zako mpaka za kuku wako.

"Dabaso, simamisha ile programu," akasema. "Hatuziki tena."

Programu yenyewe, kijitabu cha ratiba ya mazishi, ilikuwa kwenye skrini mbele yangu, kurasa nane, picha ya Maurine ukurasa wa kwanza. Maurine alikuwa binti wa marehemu ndugu yake, na kwa miaka mitatu alikuwa mwenzangu katika duka hili la kuchapisha kadi. Alizama kwenye mafuriko ya ile El Niño ya mwisho, mtumbwi ulipopinduka njiani kwenda Hewani. Wawili waliokuwa naye waliokolewa. Yeye mto ulimchukua, na mwili haukuonekana. Karibu miaka miwili mama yake, Mama Gladys, hakutaka kusikia habari ya matanga, mpaka mwezi uliopita ukoo ulipomshawishi akubali binti yake azikiwe mgomba. Ndivyo ukoo wao unavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kaburini, watu wakalia wakamaliza. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi hiyo.

"Kumetokea nini, mzee?"

"Shemeji anasema Maurine yuko hai. Anasema amemwandikia."

Akatoa simu yake, akanionyesha picha. Bahasha yenyewe, alisema, mama amekataa kuiachia mkononi. Nilitazama. Bahasha ya rangi ya maziwa, na juu yake maneno matatu kwa herufi nyembamba zilizolala kidogo upande wa kulia: Mama Gladys, Hewani. Ile G ilikuwa na mkia mrefu uliopita chini ya jina zima na kuishia kwa kikonyo kidogo. Niliijua ile G. Nilikuwa nimekaa nayo siku mbili nzima kwenye kompyuta, nikiinyoosha.

"Wewe ndiye uliyefanya naye kazi," akasema Mzee Ishmael. "Ni mwandiko wake au si wake?"

"Unafanana," nikasema.

Hilo ndilo neno nililolipata. Ukweli wote nilikuwa nao mdomoni, na nikamtolea mzee wa watu neno moja la uoga. Akaniambia bahasha ilikuwa na kadi ya harusi kutoka Kipini, na kwamba shemeji yake ameshafua shuka za kitanda cha Maurine, na Ijumaa anakwenda Kipini kumtafuta. Kisha akaondoka, na programu nikaiacha pale pale kwenye skrini, maana nilijua Jumamosi lazima watu wazike.

Huo mwandiko sina budi nikueleze, la sivyo utadhani Mama Gladys ni mwanamke aliyerukwa na akili, na sivyo alivyo.

Zamani kadi tulizichapa kwa mashine lakini majina ya waalikwa yaliandikwa kwa kalamu, na aliyeyaandika ni Maurine. Watu walikuja kutoka Ngao, Wema, hata Witu, wakitaka majina yaandikwe na yeye. Alikuwa na kalamu ya ncha nyembamba aliyokataza mtu kuigusa. Mstari ukipanda ulikuwa mwembamba kama uzi, ukishuka alikandamiza kidogo ukanenepa, na herufi zote zilishikana bila kalamu kuinuka. Akiandika alibana pumzi, akimaliza jina moja anaitoa kwa kishindo, na mimi humwambia siku moja atazimia juu ya orodha ya waalikwa. Naye hunijibu kwamba afadhali azimie kuliko kuandika kama mimi, mwenye mwandiko wa daktari wa mifugo. Kadi yake watu hawakuitupa. Nimekuta bahasha za Maurine zimebandikwa ukutani nyumbani kwa watu, ndoa yenyewe imeshakufa zamani.

Ijumaa ile ya Novemba kulikuwa na kadi sitini za bibi harusi mmoja wa Hewani. Watu wake walikuwa wamenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Maji yalikuwa yamekula barabara, na wanaovuka walivuka kwa mtumbwi. Maurine alikuwa mlangoni akitazama mvua.

"Tungoje Jumatatu, Dabaso," akasema. "Yatakuwa yamepungua. Hata mama amenipigia, ana homa, nitamwona hiyo hiyo Jumatatu."

"Kadi za harusi zingoje maji?" nikamjibu. "Kama kazi hii imekushinda, sema."

Nilikuwa na hasira za simu tatu, na nikazimwagia kwake. Alizifunga zile kadi kwa karatasi ya nailoni, akazifunga tena mara ya pili, akapandisha sketi yake kidogo kwa sababu ya tope, akatoka. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mtu yule, na hakuna siku ambayo sijayasikia.

Walipokuja dukani siku ya tatu, Mzee Ishmael na Mama Gladys na watu wa kanisani, mimi nilikuwa nimejitayarisha kusema. Nakuapia nilikuwa nimejitayarisha. Lakini mama alinitangulia. Alikaa chini kwenye sakafu yangu, miguu imenyooka mbele, akasema, "Ni mimi. Nilimpigia nikamwambia nina homa. Alikuwa anakuja kwangu." Wote wakanigeukia wakingoja nithibitishe. Na mimi nikasema, "Ndiyo, aliniomba ruhusa."

Maneno matatu tu, na wala sikuombwa kuyarudia. Tangu siku hiyo kila mtu Hewani alijua kwamba Maurine alikufa akienda kumwona mama yake mgonjwa. Wake wa ukoo walimsema Mama Gladys chini chini, kwamba homa yenyewe ilikuwa ya mafua. Yeye hakujitetea, maana alijilaumu mwenyewe kabla yao. Nami nilikuwa nikimpelekea sukari kila Krismasi, mnafiki mimi, na yeye akiniombea Mungu.

Sasa nifike kwenye kosa la pili.

Wateja hawakuacha kuuliza. Miezi miwili imepita, mtu anaingia anataka kadi, anasema, "Nataka ule mwandiko wa yule dada." Nikimwambia dada amefariki, anasikitika, kisha anauliza kama hakuna mwingine anayeandika hivyo. Siku moja nikafungua droo yake. Kulikuwa na daftari alilokuwa akifanyia mazoezi, majina juu ya majina, ukurasa mzima wa herufi R. Kurasa za mwisho zilikuwa na jina moja, la mama yake mwenyewe, limerudiwa kutoka juu mpaka chini: Gladys, Gladys, Gladys. Mama yake alikuwa ameingia ngumbaro, masomo ya watu wazima, na Maurine alikuwa akimtengenezea mistari ya kufuatisha.

Nikaziskani, nizigeuze fonti ya kuchapia kwenye kompyuta. Herufi moja moja, nikizisafisha, nikizipima, nikihakikisha mkia wa moja unakutana sawasawa na mwanzo wa nyingine, maana fonti ya mwandiko ikikatika kwenye viungo huonekana bandia mara moja. Ilinichukua wiki sita. G niliitoa kwenye ule ukurasa wa mama yake, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilijiambia namhifadhi Maurine asipotee, na labda wiki ya kwanza ilikuwa kweli. Fonti ikaisha, nikatakiwa kuipa jina. Sikuthubutu kuiita kwa jina lake. Nikaiita Tana Laini, na kwa Mama Gladys sikwenda kumwomba chochote.

Bibi harusi wa kwanza niliyemchapia, msichana wa Minjila, aliishika kadi akatokwa na machozi ya furaha. Nikavimba kichwa. Nikaituma kwenye kundi letu la wachapaji la WhatsApp, kuanzia Hola mpaka Malindi, bure, eti kila mtu aitumie. Nilitaka sifa na nikazipata. Ilipotoka mkononi mwangu, ikatoka.

Ni herufi za kutumiwa kwa adabu, hizo. Ni za jina la bibi harusi, za kichwa cha kadi, za lebo ya chupa ya manukato. Unaziachia nafasi nyeupe pande zote, na chini yake unaweka herufi wima za kawaida zitakazobeba tarehe na mahali, kwa sababu msomaji akilazimishwa kusoma aya nzima kwa mwandiko mwembamba vile, macho yatamuuma. Hazifai bango la barabarani, zinapotea kabla hujafika. Hazifai kuandikwa kubwa zote, zinagongana. Watu wamezifanyia yote hayo. Kuna saluni imezipaka ukutani kwa rangi ya waridi. Kuna mtindi unaouzwa kwenye vikombe. Kuna bucha pale Minjila imeandika "Nyama ya Mbuzi" kwa mkono wa Maurine, rangi nyekundu, na kila nikipita pale kwa pikipiki natazama upande wa pili kama mtu anayedaiwa.

Basi Jumanne hiyo, Mzee Ishmael alipoondoka, nikampigia Zamzam wa Kipini. Ni mfanyabiashara, hununua ndizi za Mama Gladys miaka mingi, na nilijua ana binti anayeolewa.

"Nimemwalika, ndiyo," akasema. "Yule ni ndugu yangu sasa, siyo wa biashara tena. Kwani kadi haikumfikia?"

"Imemfikia. Majina kwenye bahasha yaliandikwa na nani?"

"Mahadi ndiye alozichapa, na majina yote katia yeye kwa mashine. Nilimpa orodha tu. Mbona, mwanangu? Kuna jina limekosewa?"

Nikamwambia hakuna. Nikampigia na Mahadi, kijana mchapaji mwenzangu, nikamuuliza majina aliyachapa kwa ukubwa gani. Pointi thelathini na mbili, akasema, na akaongeza kwamba fonti yangu ni tamu mno, wateja wote wanaitaka. Nilikata simu kabla hajamaliza. Kisha nikachapa maneno yale yale, fonti ile ile, ukubwa ule ule, kwenye karatasi nyembamba: Mama Gladys, Hewani. Yalipotoka kwenye printa nikaikunja karatasi nikaiweka.

Jumatano asubuhi nilikuwa Hewani. Mama Gladys nilimkuta barazani, ukili miguuni, anasuka mkeka. Kwenye kamba nyuma yake shuka mbili nyeupe zilikuwa zinakauka. Aliponiona alisimama, na uso wake ulikuwa umerudia ujana. Sijawahi kuona uso unaonitia hofu kama ule.

"Dabaso, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nilikuwa nikiwaambia. Nilikuwa nikiwaambia mto haujanirudishia kitu, nitazikaje. Pengine alitupwa huko chini Kipini, akaokotwa na watu wa huko. Pengine kichwa kiliumia, akasahau njia ya nyumbani. Lakini jina langu hajalisahau." Akaingia ndani, akatoka na bahasha imefungwa kwenye kanga. "Mimi kusoma bado nababaika, unajua. Hayo ya ndani yote sikuyaelewa. Lakini jina langu nalijua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Tazama hiyo G."

"Naiona, mama."

"Kuna mwingine anaiandika hivyo?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilikaa kwenye kigoda alichonipa, na maneno yote yakaniishia, ikabaki ile karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Mama, hiyo haikuandikwa na mtu. Imeandikwa na mashine."

Akacheka. Alinicheka kwa upole, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyeota vibaya. "Mashine inaandika herufi za gazeti. Mimi si mjinga hivyo. Huu ni mkono wa mtu."

"Mkono wa Maurine. Mimi niliuchukua kwenye daftari lake nikautia kwenye mashine. Sasa mtu yeyote akibonyeza, inatoka hivyo. Hata mtu wa Kipini ambaye hakumjua."

Nikamwonyesha kwenye bahasha zile a nne, mbili kwenye Mama, moja kwenye Gladys na moja kwenye Hewani. Nikamwambia azitazame kama anavyotazama mkeka. Maurine hakuwahi kuandika a mbili zikawa sawa, moja huwa imelala zaidi, nyingine mkia umezidi. Hizi nne zilikuwa moja. Akazitazama muda mrefu, midomo ikitembea.

"Watu wenye mkono mzuri huandika sawasawa," akasema hatimaye.

Ndipo nikaitoa karatasi yangu. Nikamwomba bahasha, akanipa kwa shida. Nikatoa kadi ya ndani, nikailaza ile karatasi nyembamba juu ya bahasha, jina juu ya jina, nikasimama nikaziinua kuelekea jua. Akasimama karibu yangu. Majina mawili yakaingiana yakawa moja. Mkia wa G juu ya mkia wa G, nukta juu ya nukta, hakuna mahali uzi mmoja ulipotoka nje ya mwenzake.

"Hii ya juu nimeichapa mimi jana, dukani," nikasema.

Mama Gladys ni mtu wa ukili. Tangu usichana wake amesuka mikeka, na anajua kwamba hata mkono wake mwenyewe, baada ya miaka arobaini, hauwezi kutoa misuko miwili isiyotofautiana. Niliona jinsi alivyoelewa. Hakulia. Aliirudisha ile kadi ndani ya bahasha taratibu, akaikunja kanga, akakaa chini, na ule ujana ukaondoka usoni mwake. Mimi ndiye niliyeuondoa. Niliwahi kusikia watu wakisema wanatamani ardhi ipasuke iwameze, na nilidhani ni maneno tu.

"Uliniomba?" akauliza.

"Hapana."

"Ulimwomba yeye?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ungekataa."

Akatikisa kichwa polepole. Akachukua ukili, akaanza kusuka tena, nadhani kwa sababu mikono haikujua cha kufanya. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Basi amekufa kweli. Na ni mimi niliyemwita."

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, hata hapo nilifikiria kunyamaza. Kosa la fonti lilikuwa limeshatoka, lilitosha kunifukuzisha pale, ningeweza kwenda nalo nyumbani na lile jingine likabaki limefunikwa. Lakini alisema maneno yale kwa sauti iliyozoea, sauti ya mtu anayetaja jina lake mwenyewe, na nikajua amekuwa akiyasema kila siku.

"Hukumwita wewe," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Mikono yake ikasimama.

Nikamwambia yote. Kadi sitini, simu tatu, mvua, alivyosimama mlangoni. Nikamwambia alivyosema tungoje Jumatatu, na kwamba mama yake atamwona hiyo hiyo Jumatatu maji yakipungua. Nikamwambia nilivyomjibu, neno kwa neno. Nikamwambia hata vile nilivyosema aliniomba ruhusa, mbele ya watu, wakati yeye amekaa kwenye sakafu yangu. Nilipomaliza jua lilikuwa limehama kutoka kwenye miguu yangu.

"Rudia," akasema. "Alisema atakuja lini?"

"Jumatatu."

"Siyo Ijumaa."

"Siyo Ijumaa, mama. Hakutaka kuvuka."

Kuku walipita kati yetu. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane, na yeye akainuka akaingia ndani, nikabaki na zile shuka mbili kwenye kamba. Alirudi na daftari lake la ngumbaro, lenye jalada la kijani lililokatika pembe. Alilifungua. Ukurasa mmoja mstari wa Maurine juu, na chini yake majaribio ya mama, herufi nene zinazotetemeka. Ukurasa mwingine vile vile. Karibu na mwisho kulikuwa na kurasa tupu.

"Hiyo mashine yako inaweza kuandika chochote kwa mkono wake?"

"Chochote."

"Hata 'mama, sikuwa nakuja kwako'?"

"Hata hilo," nikasema, na nikaona haya mpaka masikioni.

"Basi sitaki kitu cha mashine. Ile programu ya Jumamosi andika kwa herufi za gazeti. Na hayo uliyonieleza, yaandike hapa, kwa mkono wako." Akanisogezea daftari na kalamu. "Mimi umeshaniambia. Jumamosi utamsomea Maurine mwenyewe, na watu wakiwepo."

Nikaandika. Nilikuwa sijashika kalamu kuandika zaidi ya sahihi kwa miaka, na mwandiko wangu ulitoka ukipanda na kushuka, herufi nyingine zimeanguka nje ya mstari. Nilikosea mara mbili nikafuta kwa kukata. Yeye alikaa akinitazama muda wote, akisuka, na nilipomaliza akalitazama lile daftari kwa muda.

"Una mwandiko mbaya," akasema.

"Yeye pia alikuwa akiniambia."

Midomo yake ilitikisika, sikujua ni kicheko au kilio. Akazianua shuka, akaniambia niende.

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliifuta Tana Laini kwenye kompyuta yangu. Haikusaidia kitu, najua. Mahadi anayo, watu wa Hola wanayo, bucha ya Minjila imeshapaka rangi. Nitakutana na Maurine mahali mahali mpaka nife, na nastahili.

Jumamosi watu walikuwa wengi. Mgomba ulikatwa asubuhi, wa kimo chake, mabinamu wakaupima kwa sketi yake ya kwaya. Ukavikwa blauzi yake ya bluu, ukafunikwa na shuka moja kati ya zile mbili nyeupe. Mchungaji aliyekuwa amenung'unika mwanzoni kuhusu kuombea mti aliomba vizuri, sauti ikamkatika katikati. Kisha Mzee Ishmael akaniita mbele. Hakuniambia lolote zaidi ya jina langu, maana alikuwa ameshaambiwa, na tangu Jumatano alikuwa hajajibu salamu yangu.

Nikafungua daftari la kijani. Mama Gladys alikuwa amekaa kwenye mkeka wake kando ya shimo, wake wa ukoo wamemzunguka, wale wale wa homa ya mafua. Nikasoma jinsi nilivyoandika, hata makosa.

Nilisoma kwamba mimi Dabaso ndiye niliyemtuma Maurine Ijumaa ile kwa sababu ya kadi za watu. Kwamba alisema maji ni mengi, tungoje, nami nikamfokea. Kwamba nilidanganya mbele ya mama yake na mbele ya watu. Kwamba niliuchukua mwandiko wake bila kumwomba mtu, nikaugawa. Kulikuwa na manung'uniko nyuma, mwanamume mmoja akasema jambo kwa sauti kubwa, Mzee Ishmael akamnyamazisha kwa mkono. Nikafika mstari wa mwisho.

"Hakuwa anakwenda kwa mama yake. Alisema atakwenda Jumatatu."

Nikafunga daftari.

"Soma tena hapo," akasema Mama Gladys kutoka kwenye mkeka.

Nikalifungua, nikatafuta mahali kwa kidole, maana mwandiko wangu hata mimi hunipoteza. "Hakuwa anakwenda kwa mama yake."

Akawageukia wale wanawake, mmoja mmoja, akawatazama. Kisha akanirudia mimi.

"Tena," akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma tena. Ndipo aliposimama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwagia binti yake.